Sikio la Pili

Mwaka wa sabini na mbili masika yalipiga mpaka barabara ya Fukayosi ikawa uji. Basi lililobeba barua yetu lilizama huko Jumatano, na mpaka Ijumaa lilikuwa bado limelala ubavu, abiria wamerudi mjini kwa miguu, viatu mkononi.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mume wangu, Majaliwa, alikuwa anamwakilisha sheikh wa Tanga, yaani anamfanya wakili wake, amuozeshe binti yetu Mardhiya. Mardhiya alikuwa anakaa Tanga kwa shangazi yake, Biubwa, na mchumba kampata hukohuko, Salumu, kijana wa melini. Meli ya Salumu ilikuwa inaondoka Jumamosi alfajiri, na akishaondoka harudi kabla ya mwaka na nusu. Watu wamealikwa, mchele umechambuliwa, na baba wa bibi harusi yuko Bagamoyo hana pa kupita.

Tukapeleka simu ya maandishi. Sheikh naye akajibu kwa maandishi. Niliisoma mwenyewe, polepole, maana shule niliishia darasa la tatu: karatasi haitoshi. Anataka kumsikia walii, baba mwenye kuozesha, kwa kinywa chake, kwa simu, Ijumaa saa tisa, mbele ya mashahidi wawili wanaoijua sauti yake. Asipomsikia, haozeshi.

Kulikuwa na jambo ambalo mjini pale tulilijua wawili tu, mimi na Majaliwa. Majaliwa alikuwa hasikii.

Hakuzaliwa hivyo. Masikio yalimtoka kidogo kidogo, mwaka huu sauti za watoto, mwaka ule adhana ya mbali, mpaka ikawa lazima nisimame mbele yake anitazame midomo. Naye alikuwa dalali wa samaki. Kila asubuhi ufukweni yeye ndiye anayenadi, na wanunuzi wanapandisha bei kwa vidole na nyusi, kwa hiyo macho yalimtosha. Lakini dalali akijulikana hasikii, nani atamwamini tena? Basi akajifunza kujificha. Ukimsemesha naye hajakusikia, anatabasamu, anatikisa kichwa, anasema, "Hewala." Watu wakamsifu. Majaliwa mtu wa adabu, habishani na mtu.

"Simu haina midomo, Baba Mardhiya," nilimwambia usiku wa Alhamisi, nimeshika taa karibu na uso wangu aone ninavyosema. "Utajibu nini?"

"Sheikh ataniuliza mimi ni nani. Hewala. Ataniuliza kama Mardhiya ni binti yangu. Hewala. Mahari nimeridhia? Hewala. Lipi hapo jibu lake si hewala?"

"Na mwisho je? Lazima useme umemwakilisha."

"Wewe utanigusa kiwiko. Ukinigusa, nasema."

"Tumwambie tu sheikh ukweli. Si dhambi."

Akanitazama kama nimemvua nguo barabarani. "Ukimwambia sheikh, umewaambia Tanga. Ukiwaambia Tanga, Jumatatu wanajua mpaka Saadani. Niahidi, Mama Mardhiya."

Nikamuahidi. Ndivyo tulivyokuwa.

Ijumaa saa nane na nusu tukafika posta, tumelowa. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtu anakuwa kama ananong'ona hata akipiga kelele. Watu saba, wanane, walikuwa wamekaa kwenye benchi. Na nani yuko wa kwanza kwenye benchi? Mrisho. Mrisho wa Dunda, mnunuzi mkubwa wa samaki, anayesubiri kupiga simu Dar kuuliza barafu. Mwaka mzima Mrisho alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akisema Majaliwa amezeeka, udalali apewe mpwa wake.

"Ahlan, dalali!" Mrisho akasema. "Leo unanadi nini, mvua?"

Majaliwa alimwona midomo. "Nainadi. Ukitaka nikupimie."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia.

Karani wa posta, Sadallah, akatuita ndani ya kijichumba cha simu, kisicho na mlango. Simu ile ilikuwa ya zamani, sanduku la mbao limegongomewa ukutani, na mdomo wa kusemea umechomoza mbele kama faneli. Kulia kulining'inia kipande cha kusikilizia, kwa waya wake. Na kushoto kulikuwa na cha pili. Kila mtu Bagamoyo alikijua kile cha pili. Mkuu wa posta wa zamani, Mzungu aliyeharibikiwa masikio vitani, ndiye aliyekifungisha, asikilize kwa masikio yote mawili. Alipoondoka kikabaki, na watu wakakipa jina: sikio la kiziwi. Hakuna aliyekigusa. Mtu mzima akikigusa, benchi zima linaguna.

"Shikamoo, mzee," Sadallah alisema. "Mvua kubwa hii. Shika vyote viwili. Kimoja weka sikioni, kingine usikiweke tunduni, kigandamize kwenye mfupa nyuma ya sikio. Yule bwana mkubwa alikuwa akifanya hivyo, anasikia kama kijana."

Nilijua Majaliwa ameyaona yale maneno, maana shingo ilimkakamaa. Akasema kwa sauti ya mnadani, benchi lote lisikie, "Nipe kimoja. Mimi si kiziwi."

"Basi hicho kingine ashike mama," Sadallah akasema, "naye amsikie mwanawe."

Nikakishika. Sikuwa na la kufanya. Nilikiweka sikioni, na Majaliwa akaweka chake. Sadallah akazungusha mkono wa simu, akaomba Dar, Dar wakaomba Tanga. Sauti zikapita humo kama nzi ndani ya chupa. Kisha, waziwazi, nikamsikia sheikh.

"Asalaam alaikum. Nazungumza na Majaliwa bin Pazi?"

Nikamtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Hakusikia hata kikohozi. Nikamkanyaga kidole cha mguu, ajue ameulizwa.

"Waalaikum salaam," akasema. "Hewala."

"Ndiye," nikasikia mtu akisema kule, shahidi mmoja. "Sauti ni yake."

"Mardhiya ni binti yako wa kumzaa?"

Nikamkanyaga. "Hewala."

"Mahari aliyoyataja bwana harusi umeyaridhia?"

"Hewala."

Nilianza kupumua. Limebaki moja. Nikainua mkono niuweke tayari karibu na kiwiko chake. Nikasikia hata ukumbi wa Tanga, watoto, vyombo, mwanamke anachekacheka. Sheikh akakohoa.

"Sasa, ndugu yangu, nakuuliza hili kwa sababu hatuonani uso kwa uso. Kuna mtu yeyote aliyekulazimisha au kukutisha ili umtoe binti huyu?"

Hilo hatukulipanga. Nilisita, mguu hewani, na Majaliwa alikuwa ameshazoea mwendo wa maswali. Hakungoja kukanyagwa.

"Hewala," akasema.

Kule Tanga vyombo vikanyamaza.

"Umesema umelazimishwa?" sheikh akauliza taratibu.

Nikambana mkono. Ndilo kosa langu hilo. Yeye alidhani ni ishara.

"Hewala! Hewala, sheikh!" akasema, na akatabasamu ukutani, kwa adabu zake zote.

Nilimsikia sheikh akigeuka kuwaambia watu: "Mmesikia wenyewe, si mimi niliyesema. Walii ametishwa. Mimi siwezi kumuozesha binti kwa hali hii." Kukawa na mlipuko. Mwanamume mmoja akauliza nani aliyemtisha, ukoo wa Salumu au nani. Mwingine akasema wanatukanwa. Na juu ya wote nikamsikia Biubwa akilia, "Majaliwa! Majaliwa, una nini ndugu yangu?" Majaliwa bado anatabasamu.

Sauti ya mwanamke wa mitambo ikaingia: "Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?"

"Tunaendelea!" nikamwambia Sadallah.

"Mara moja tu, mama. Baada ya hapo laini ni ya ofisi ya wilaya mpaka jioni. Na Jumamosi nusu siku, si mnajua."

Jumamosi meli imeshaondoka.

Faneli ya kusemea ilikuwa shibiri moja tu kutoka mdomoni kwangu. Neno lilikuwa limenijaa: hasikii, sheikh, hasikii, yapata miaka sita sasa. Ningelisema, na Mrisho angelisikia, na ahadi yangu ningekuwa nimeitupa matopeni. Nisingelisema, Mardhiya angevuliwa vazi la harusi mbele ya watu, na Tanga nzima ingesema babake alimuuza kwa kutishwa. Wallahi sijui ningechagua lipi. Nilishusha kile kipande kutoka sikioni, nikakishika mbele ya uso wake, nikasema bila sauti, midomo tu: "Umeharibu. Ameuliza kama umelazimishwa. Umemjibu hewala."

Tabasamu likamtoka. Lilitoka taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asijue pa kuuweka. Alikitazama kile kipande. Kisha akageuka kutazama benchi, na benchi lilikuwa limeinama mbele, Mrisho wa kwanza, shingo kama korongo.

"Mnaendelea?" mwanamke wa mitambo akauliza tena.

Majaliwa akanipokonya. Alikiweka nyuma ya sikio la kushoto, kwenye mfupa, kama alivyoambiwa, akakigandamiza mpaka ngozi ikabonyea, na kile cha kulia akakisukumia ndani ya tundu. Akafumba macho. Benchi likaguna, mguno mmoja mrefu.

"Sheikh," alisema kwenye faneli. "Sheikh, nisikilize. Nimekujibu maneno nisiyoyasikia. Mimi masikio yangu hayafanyi kazi. Nimeona haya kukwambia. Sijalazimishwa na mtu. Niulize tena, lakini sema kwa nguvu, uuweke mdomo karibu."

Sasa mimi ndiye niliyekuwa sisikii kitu. Nilibaki kumtazama uso kama yeye alivyozoea kunitazama mimi. Mvua juu ya bati. Kipaji cha uso kikakunjana, na nikadhani imeshindikana, mfupa hausikii, Mzungu alikuwa mwongo. Halafu akafumbua macho, yamemtoka makubwa.

"Mimi ni Majaliwa bin Pazi," akasema.

Akasikiliza, akagandamiza zaidi.

"Naam, binti yangu wa kumzaa. Wa kwanza."

Akafumba macho tena, akasikiliza.

"La. Hapana. Hakuna aliyenilazimisha, wala kunitisha, wala kunidanganya."

Sadallah akainua kidole: nusu dakika. Majaliwa hakumwona. Alikuwa ameganda, anasikiliza kwa mabega, kwa magoti, kwa kila alichonacho. Jasho lilikuwa linamtiririka pamoja na maji ya mvua.

"Rudia hilo," akasema. "Rudia, sheikh. Sikulipata lote."

Wangapi wangethubutu? Sekunde zimebaki za kuhesabu, ukumbi umejaa watu, na mtu anamwambia sheikh arudie! Nilitaka kumgusa kiwiko. Nikauzuia mkono wangu kwa mkono wa pili.

"Nimekuwakilisha," Majaliwa akasema. "Umuozeshe binti yangu Mardhiya kwa Salumu bin Rajabu, kwa mahari waliyopatana. Nimeridhia mimi, na mamake yuko hapa ameridhia. Nimekuwakilisha."

Laini ikakatika. Hata mimi nilikisikia kile kishindo kidogo. Alisimama vilevile, vipande viwili masikioni, akaniuliza kwa macho, nami sikujua nimwambie nini, maana aliyesikia ni yeye.

"Wamepiga vigelegele," akasema. Akarudia kana kwamba haamini. "Nimevisikia. Sauti ya Biubwa imo."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni, na nguo zangu zilizolowa.

Alivitundika vipande vyote viwili mahali pake, cha kushoto kwa uangalifu zaidi. Tulipotoka, Mrisho hakungoja. Aligeuzia uso ukutani, kwa makusudi kabisa, akasema jambo. Watu wawili wakacheka, wengine wakatazama miguu yao.

Majaliwa akasimama katikati ya posta. Miaka sita nilimjua akipita mahali kama hapo kwa kutabasamu. Safari hii alinigeukia, na kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, akaniuliza, "Mama Mardhiya, amesema nini huyu?"

Mrisho akashtuka. "Aa, mzaha tu, mama, mzaha..."

"Amesema," nikamjibu mume wangu, uso kwa uso, neno kwa neno, kwa sauti iliyoishinda mvua, "kwamba miaka yote hii Bagamoyo imekuwa ikiuziwa samaki na kiziwi, na kwamba kiziwi ni nusu mtu."

Hakuna aliyecheka. Maneno yale, akiyasema mtu ameelekea ukutani, ni mzaha. Akiyasema mke wa mtu mbele ya mumewe, na aliyeyasema yuko pale ameketi, ni kitu kingine. Mzee mmoja wa mwisho wa benchi akasema, "Astaghfirullahi, Mrisho."

Majaliwa akamsogelea Mrisho karibu, amwone midomo vizuri.

"Miaka yote hiyo," akasema, "uliwahi kuinua kidole chako mnadani, nisikione?"

Mrisho akatazama dirishani, akatazama kofia yake, akaishika.

"Nakuuliza. Nijibu taratibu, nikuone."

"Hapana," Mrisho akasema.

"Nimekuona," Majaliwa akasema, na akanishika mkono tukatoka mvuani. Jumatatu alikwenda mnadani. Wengine walinunua kwake, wengine walisusa mpaka baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Nyumbani hatukuwa na raha mwezi mzima, sitadanganya. Lakini siku ile, njia nzima mpaka nyumbani, alikuwa ananielezea vile vigelegele, vilianzia wapi, vikapanda vipi, nami nikimwitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hakuwapo.