Benchi la Bi Eduviges

Paa la kanisa letu liliangukia altare Jumanne moja ya mvua, na Padri Nicanor, kijana wa jiji la Medellín aliyekuwa na miezi mitatu tu hapa mtoni, akafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Mimi ndiye mpiga kengele. Nilimwona kwa macho yangu.

Tuliihamishia altare upande wa pili, penye mlango mkuu, tukageuza mabenchi yote. Benchi la ukoo wa Urrutia, lililokuwa la kwanza tangu enzi za babu yao, sasa likawa la mwisho.

"Jumapili hii wauza samaki watakaa mbele," padri aliniambia, akisugua viganja.

Jumapili ilipofika, Bi Eduviges Urrutia aliingia kwa mlango wa pembeni, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lake, akaketi. Altare iko wapi, hilo halikumhusu. Nyuma yake palikuwa na kifusi na anga tupu.

Akafuata Betsabé muuza samaki, na nusu ya mji pamoja naye. Wakampita Bi Eduviges, wakaenda kusimama juu ya kifusi, mvua ikiwanyeshea.

"Betsabé, njooni mbele!" padri akaita.

"Hapa panatutosha, padri."

"Mabenchi manane hayana mtu!"

"Mbele ni pa wakubwa."

"Wakubwa wenyewe si hao, wamekaa nyuma!"

"Ndiyo maana sisi tuko nyuma yao," Betsabé akajibu, akifungua mwavuli. "Wewe soma misa, mwanangu, tunalowa."

Jumapili tatu alizihubiria mbao. Ya nne uzalendo ukamshinda. Alichukua kitabu chake, akatembea mpaka chini ya lile tundu la paa, akahubiri usawa wa binadamu huku maji yakimchuruzika puani.

"Paza sauti, padri," Bi Eduviges akasema bila kugeuka. "Mvua ina kelele."

Mafua yalimlaza wiki mbili. Oktoba paa likatengenezwa, altare ikarudi mahali pake, mabenchi yakageuzwa, na padri hakutaja tena habari ya nani akae wapi.

Nilimuuliza Betsabé kama hajawahi kulitamani lile benchi.

"Nilishalikalia, siku ya zamu yangu ya kufagia," akasema. "Gumu hilo! Linakata makalio. Mwache ateseke nalo mwenyewe."