Koti la Novemba

Joto la Agosti lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini Orville Lindquist aliingia dukani kwa Duane, muuza bunduki, amevaa koti lake zito la kuwindia.

"Mzee wangu, theluji umeiona wapi?" Duane alimcheka.

"Acha maneno, nipe hiyo inayojipakia risasi yenyewe. Msimu wa kulungu ni Novemba, mimi siwindi nimevaa fulana."

Duane akamwonyesha kwamba haina risasi, akamkabidhi. Orville akaiinua, kitako kikakaa begani bila kunasa kwenye koti. Akarudia hivyo mara nane, jasho likimtiririka. Bega lake bovu halikulalamika.

"Hii haipigi teke begani kama ile yako ya zamani," Duane alisema.

Orville alitia mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa vibali vitatu vya kuwinda kulungu, vya miaka mitatu, vyote havijatumika. Miaka yote hiyo alikaa msituni akiwatazama kulungu wakipita bila kufyatua risasi, akirudi nyumbani anasingizia bunduki.

"Kwani ile ya zamani ina ubovu gani hasa?" Duane aliuliza.

"Haina," Orville alisema kwa uchovu. Akamrudishia ile mpya, ndipo akavua koti.