Pasta Balagizi kwa Kipimo

Bwana wa kwenye video, yule anayefundisha kutengeneza nyumba ndogo za mfano, hana uso. Ana mikono tu, myeupe, safi kama ya daktari, na sauti ya mtu aliyekula akashiba. "Chukua karatasi ngumu," anasema kwa Kiingereza chake, halafu anachukua karatasi ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. "Pulizia rangi kidogo," na mashine inapuliza. Meza yake inazunguka yenyewe. Ana taa za kumulika nyumba ambayo hata panya hawezi kulala ndani. Nilimdharau tangu video ya kwanza, na nikazitazama zote.

Hiyo ilikuwa 2016, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kule kwetu Bukavu, kabla ya kukimbia, nilikuwa mchora vibao: vinyozi, maduka ya dawa, chupa za bia. Rangi naijua, sikuhitaji mzungu anifundishe. Nilichokuwa sina ni kipimo. Ukishasema sentimita moja ni mita moja, basi kila kitu kinatii. Mlango unatii, bati linatii, mtu anatii. Ubishi wote unaishia kwenye rula, na mimi nilikuwa nimechoshwa na ubishi wa watu.

Kilichonifanya nitazame ni kanisa letu. Tulikuwa tukisali chini ya hema la plastiki lililojaa matundu. Shirika moja la huko City Centre, Lilongwe, lilisema litajenga jengo moja kambini kabla ya mvua, na kila kundi lenye mradi lipeleke mfano wa jengo lake. Sitadanganya, kanisa lenyewe halikuninyima usingizi. Mimi nilitaka chumba cha nyuma. Kwenye mchoro wa kanisa kulikuwa na chumba cha mama wa kushona, na kiongozi wao ni mke wangu, Annuarite. Anashonea barazani. Mvua ya mwaka uliopita ilimloweshea kitenge cha bibi harusi mpaka rangi ikachuja, na tangu hapo nusu ya wateja hawajarudi. "Nikikosa chumba mwaka huu, mi nauzisha machine," aliniambia. Annuarite si mtu wa kutisha watu bure.

Basi nikajenga. Kuta nilizikata kwenye boksi la sabuni, nikachora matofali kwa kisu butu. Bati nililitengeneza kwa karatasi ya alumini, nikaisugua juu ya kitana mpaka ikapata migongo. Mashine ya kupuliza sina, nina mswaki. Ukiuchovya kwenye rangi na kuupitishia kidole, unapuliza vilevile. Bwana wa video angepaliwa na chai yake. Gundi niliifuata soko la Tsoka, mjini, ile ya mirija miwili inayochanganywa, ikishika haiachii tena.

Mwisho nikatengeneza watu, kwa waya na unga uliokandwa na gundi. Hapa lazima nimpe haki yake yule bwana. Alisema jicho la mtazamaji humtafuta mtu kwanza, ndipo lijue ukubwa wa nyumba. Nikatengeneza kwaya, wazee, mama wa kushona, na Pasta Balagizi mlangoni, kila mmoja mdogo kama ukucha.

Pasta akaja kukagua na Noël, katibu wa komite ya kanisa, mtu anayevaa koti hata jua linapochoma na kubeba kalamu zisizoandika. Pasta aliinama, akatafuta, akajipata.

"Hii njo mi?"

"Ndiyo, Pasta."

"Na hii ya pembeni?"

"Ni batoto ba chorale."

"Sasa mi na batoto ba chorale tuko sawa?"

"Ni kipimo, Pasta."

"Kipimo ya nani? Bageni batanijua namna gani? Unikuze, Narcisse. Mi iko responsable, mukubwa wa kanisa."

Nilimweleza. Nilimwonyesha hata ile video. Noël alitikisa kichwa na kusema kwamba mzungu yule hakuwa Mkristo, maana haonyeshi uso. Ubishi kama huo unaujibuje? Nikaenda nyumbani, nikatengeneza Pasta mwingine, mrefu kama kidole cha shahada, mwenye suti na viatu vyeusi vya kung'aa, kwa kuwa viatu alivitaja mara mbili. Nikamgandisha mlangoni kwa gundi ya Tsoka. Mlango ulimfika magotini. Yule mdogo nilimweka kwenye kiberiti, kwa sababu kazi nzuri haitupwi, na kiberiti nikakitia mfuko wa shati.

Tulikwenda Lilongwe na gari la kukodi, mimi nimelipakata kanisa. Pasta, Noël na mimi, na Annuarite kwa niaba ya mama wa kushona. Ofisini tulipewa meza ndefu. Msanifu majengo wao, mama Mmalawi mwenye nywele fupi, alikuja na mwenzake aliyeshika faili, akatusalimia kwa zikomo nyingi, ndiyo asante yao, kisha akatazama. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Ni kanisa la watoto?" aliuliza kwa Kiingereza.

Noël alitafsiri huku koti likimlowa jasho.

"Huyu ni sanamu?"

"Hapana, madamu. Ni pasta mwenyewe."

Akampima Pasta aliyesimama mbele yake, akampima na yule wa mlangoni. "Kama huyu ni mtu mzima," alisema polepole, "humu inaenea familia moja. Na hiki cha nyuma? Kabati?"

Neno kabati Annuarite alilielewa bila Noël. Mwenye faili alikuwa ameanza kulifunga. Pasta yeye alitabasamu, maana aliona anaonyeshwa kidole. Noël alipomnong'oneza kwamba jengo linaonekana dogo kwa sababu yeye ni mkubwa, alirekebisha kola yake. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, mtoeni huyo wa mlangoni. Nilimtazama nikingoja, na nakiri nilikuwa naona raha.

"Ubambie sisi iko bantu ba kunyenyekea," alimwambia Noël. "Kidogo inatosha."

Annuarite akasimama. "Pasta, munisamehe." Akamshika yule mkubwa kifuani kwa vidole viwili, akamzungusha kama anayekata uzi. Kikalia kitu. Pasta alitoka na suti yake, viatu vikabaki mlangoni, vinang'aa.

"Papa Divin," aliniita kwa jina la mtoto wetu, "leta ile ya kwanza."

Nikatoa kiberiti. Alimsimamisha Pasta mdogo katikati ya vile viatu, ambavyo vilimfika magotini. Hakuna aliyecheka. Yule mama alizunguka meza, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na mlango, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Sasa naona kanisa," alisema. Akapitisha ncha ya kalamu kwenye dirisha la nyuma. "Na hiki ni chumba. Wanashona wangapi humu?"

Annuarite alimjibu mwenyewe, kwa vidole. Faili likafunguliwa tena.

Nje, kwenye ngazi, nilianza. Nilikuwa na maneno ya kutosha kutufikisha mpaka kambini, kule Dowa, juu ya Pasta, juu ya Noël, juu ya viatu. Annuarite hakuniacha nifike mbali.

"Nyamaza. We unajua kuzarau tu. Ile mutu ulikuwa naye mu mufuko saa yote, na ulikuwa unaangalia tu batunyime nyumba."

Nikakipapasa kiberiti kitupu mfukoni, nikamfuata garini.

Kanisa lilijengwa. Mvua ya kwanza ilipiga bati kweli, na nyuma cherehani sita zilikuwa kavu. Ule mfano uliwekwa mezani karibu na mlango, watu wautazame. Siku moja ya kazi nilimkuta Pasta ameinama hapo peke yake. Alikuwa amejaribu kubandua viatu kwa kisu, rangi imechubuka kidogo, gundi haijaachia.

"Narcisse," alisema bila kugeuka. "Hii kadogo, njo mi kweli?"

"Njo Pasta kabisa."

Akamwokota kwa kucha mbili, akamtazama mbele na nyuma, akamtia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mlangoni vikabaki viatu.

Nilikuwa na neno la kumwambia, tena tamu sana. Chumba cha nyuma cherehani moja ilinyamaza, ile ya mke wangu, naujua mlio wake; alikuwa anasikiliza. Nikalimeza neno langu, nikamfungulia Pasta mlango.