Nduma za Mama Kui

Asubuhi nzima wauzaji walikuwa wakigonga mlango wa Nicanor: wa mayai, wa mifagio, wa sabuni. Kila alipoanza kughani shairi la harusi yake, hodi! Mlango ulipogongwa tena, aliufungua kwa nguvu. Mama mmoja alisimama pale, mgongoni kiondo cha nduma zilizochemshwa.

"Habari ya hapa, kijana?"

"Sinunui! Get lost! Take a hike! Go jump in the lake!"

Misemo hiyo aliiokota kwenye sinema na aliipenda. Kwa Kiswahili asingethubutu kumwambia mtu wa umri ule atoke mlangoni. Kwa Kiingereza ulimi haukumuuma.

Mama akamtazama, akageuka, akashuka ngazi.

Punde harufu ya nduma ikatoka kwa jirani yake, Wavinya.

"Nick, umekosa kitu tamu!" Wavinya akaita kutoka mlangoni pake. "Mama mmoja ameniuzia. Ati akaniuliza kama wewe ndiye Nicanor wa Kui."

Nicanor akaelewa ni nani aliyemfukuza. Mwaka mzima, bila hata kuonana naye, Mama Kui alikataa bintiye aolewe na mtu wa kutoka magharibi mwa nchi. Wiki hii tu ndipo alipokubali kuja kuona nyumba. Jumapili, Kui alisema. Leo ilikuwa Jumamosi.

Alikimbia hadi steji ya matatu ya Ngoingwa. Mama alikuwa ameketi, kiondo kitupu mapajani.

"Mum, nisamehe. Sikukujua."

"Na mtu usiyemjua ndiye wa kufukuzwa hivyo?"

Nicanor akainamisha kichwa.

"Ungenifokea kwa Kiswahili," mama akasema, "ningejua una hasira. Hata Baba Kui alikuwa nazo. Lakini hicho Kiingereza chako, aka! Ulinitupia kama maji machafu."

"Turudi nyumbani, tafadhali. Nipike chai."

"Niingie na nini? Si ulinifanya muuzaji? Nimeuza." Akacheka bila furaha. "Mimi siendi kwa watu na kiondo kitupu."

Matatu ikasimama. Nicanor akambebea kiondo mpaka mlangoni, akamrudishia.

"Kui utamwambia mwenyewe," mama akasema. "Mimi simwambii."

Gari halijaondoka vizuri, simu ikaita.

"Babe, mum hashiki simu. Amekupigia?"

Angejibu hapana, na isingekuwa uongo. Nicanor akajitenga na watu wa steji, akageukia ukuta.

"Alikuja, Kui," akasema. "Nikamfukuza."