Jicho Chini ya Hadubini

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia!" baba alifoka, amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Hadubini inaangalia kilichotolewa mwilini. Damu, makohozi, choo. Sasa leo ni jicho langu?"

"Jicho halitolewi, baba."

"Makohozi yangu uliyarudisha?"

Mama mmoja kwenye benchi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nina stashahada ya maabara na nafanya kazi zahanati kule Mtinko. Nilipompima baba malaria na makohozi nilimweleza hivyo hivyo, na asubuhi hii nikamwambia atapasuliwa kwa hadubini, basi. Kosa langu.

Jicho lake la kulia lilitobolewa na mwiba ujanani. Hili lililobaki lina mtoto wa jicho. Juzi alimkanyaga ndama akidhani ni gunia. Daktari bingwa wa macho amekuja hapa hospitali kwa siku mbili tu, na hii ndiyo ya pili.

"Mzee Alute!" nesi aliita kutoka mlango wa chumba cha upasuaji. "Zamu yako. Kama hutaki, naita mwingine."

"Ita mwingine."

"Dakika mbili, sista," nikasema. "Baba, lala hapa."

Alilala kwenye benchi akinung'unika. Niliwasha tochi ya simu, nikaishika juu ya uso wake.

"Unaona nini?"

"Weupe."

"Hadubini yangu inakaa mezani, ndiyo maana naipelekea damu. Ya humu ina mkono mrefu, inaletwa juu yako hivi. Daktari anakaa upande wa kichwa chako, anachungulia. Anakata tundu dogo, anatoa ule ukungu, anaweka lenzi. Jicho liko usoni mwako muda wote."

"Nikitikisika?"

"Usitikisike."

"Inauma?"

"Sindano ya ganzi utaisikia. Sikudanganyi."

"Na wakishindwa?"

"Wakati mwingine wanashindwa, mara chache. Lakini ukirudi nyumbani hivi, kufika mavuno hutauona hata mlango."

Baba akaketi, akapapasa gauni la hospitali alilovalishwa, akalifunga kamba vizuri.

"Sista, huyo mwingine ameshaingia?"

"Bado, mzee."

"Mwambie akae."

Alivua kandambili, akanikabidhi, akashika kiwiko cha nesi. Wakaingia, mlango ukafungwa.