Mtalaka na Majibu ya Damu

Seremala alipozinduka baada ya mshtuko wa moyo, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mtalaka wake. Machozi yakamlengalenga. Kumbe mama wa watu hakumjia yeye. Alikuwa upande wa pili wa pazia, akimpangusa jasho mume wake wa sasa, fundi saa, aliyeletwa siku hiyohiyo kwa ugonjwa uleule.

"Pole, Baba Watoto," alimwambia, kama mtu anayemsalimu jirani dukani. Kisha akarudi kwa mumewe.

Walikuwa wameachana zamani, na seremala alikuwa akiwaapia watu kwamba hana habari naye. Sasa alisikiliza kila kijiko cha supu kikigonga bakuli la mwenzake. Akamsikia mama anacheka polepole, kile kicheko alichodhani ni mali yake. Wivu ukamkaba, mashine iliyofungwa kifuani ikaanza kulia, muuguzi akaja mbio.

"Mzee, unawaza nini?"

"Nawaza kazi."

Kesho yake daktari akaleta majibu ya damu. Wodi ile iliwapima wagonjwa protini zinazovuja moyo unapoumia, na nyingine zinazotoka moyo unapoelemewa, ili ijulikane nani yuko hatarini zaidi.

"Yako ni mazuri," alimwambia seremala. "Moyo haukuumia sana. Ukifuata dawa, una nafasi kubwa ya kuishi."

Akavuka pazia, akateremsha sauti. Lakini pazia ni kitambaa tu.

"Sitawaficha. Damu inaonyesha moyo umeelemewa mno. Baadhi ya wenye majibu kama haya hawamalizi mwaka. Hii si hukumu, ni onyo, ili sisi tusilale. Mama, ukimwona anahema vibaya, tuite hapohapo."

Seremala, Mungu amsamehe, alitabasamu. Walau kwa damu amemshinda!

Tabasamu halikudumu. Mtalaka alisogeza kiti, akaegemeza kichwa kwenye mto wa mumewe, na tangu hapo habanduki. Jioni akaja binti wa seremala na mtalaka. Alimbusu baba, akasikia majibu, akasema, "Afadhali, baba." Kisha akavuka pazia, akaangua kilio kwa ajili ya fundi saa. Binti yake mwenyewe, aliyemzaa! Seremala akageukia ukuta. Laiti wangebadilishana majibu, yeye achukue mabaya pamoja na kile kiti na yule aliyekikalia.

Mchana uliofuata mtalaka aliteremka kuchukua dawa. Mara tu alipoondoka, seremala akasikia pumzi za fundi saa zinakwaruza, kama msumeno uliokwama kwenye mbao mbichi. Alijua maana yake.

Nyamaza, roho ikamwambia. Wewe umelala, hukusikia kitu.

Akanyamaza. Kwenye upenyo wa pazia akauona mkono wa fundi saa unapapasa kiti kitupu, unamtafuta mtu, haumpati. Hapo seremala akashindwa kujizuia.

"Muuguzi! Daktari! Njooni, mtu anakufa huku!"

Walikuja na oksijeni na sindano, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Akanusurika.

Mtalaka alirudi kukusanya vitu vya mumewe, macho mekundu.

"Wameniambia ulipiga kelele. Asante."

"Ingekuwa mimi ndiye mwenye majibu mabaya, ungekaa?"

Mama alikunja shuka kwanza. "Ungeniruhusu? Ulipoumwa mgongo ulinifukuza chumbani. Ulisema hutaki kutazamwa kama maiti. Mimi nilikuwa nataka kukaa."

Seremala akageuza macho kwenye kiti kitupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miezi ikapita. Siku ya kupimwa damu tena, akiwa na binti yake, aliwakuta wale wawili kwenye benchi la kliniki. Fundi saa alikuwa amekonda, koti linamning'inia, lakini yu hai, na zile protini katika damu yake zilikuwa zimeanza kupungua.

"Ndugu yangu," alisema, akimpa mkono, "bila kelele zako, nisingekuwepo."

Seremala aliupokea ule mkono. Alipomwona mtalaka anamfunga mumewe kifungo cha koti, wivu ukamchoma palepale pa siku zote. Akaaga, akatoka nje na binti yake mpaka kwenye ngazi.

"Nishike, mwanangu," akasema. "Hizi ngazi zinanichosha."

Binti akamtazama kwa mshangao, kwani baba hakuwahi kumwomba msaada. Akamshika mkono, wakateremka taratibu.