Mke wa Akiba

Sponji alikuwa fundi wa masofa, na jina hilo lilimfaa mara mbili. Kazi yake ilikuwa kushindilia sponji kwenye viti vya watu, na yeye mwenyewe ukimbonyeza anaingia, ukimwachia anarudi vilevile. Siku aliyotangaza karakanani kwamba anakwenda kufunga uzazi, jirani yake, fundi mbao waliyemwita Randa, alizima msumeno ili acheke kwa nafasi.

"Yaani unajipeleka mwenyewe? Hata beberu hukimbizwa kwanza!"

"Siyo kuhasiwa, we mbumbumbu. Wanakupiga ganzi, wanafunga kamrija, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mambo mengine yote yanabaki kama yalivyo."

"Kama yalivyo? Basi shemeji, pole sana."

Mke wa Sponji, aliyekuwa kwenye cherehani akishona foronya za viti, alicheka mpaka akashika kifua. Kile kifua ndicho kilicholeta maneno yote haya. Tangu alipomzaa mtoto wao wa mwisho, moyo wake ulichoka, na daktari wa moyo hakumung'unya maneno: mimba nyingine itamuua. Vidonge vya kuzuia mimba havimfai, kitanzi kilimkataa, na kumlaza kwenye kisu ni kubahatisha. Ikabaki mirija ya Sponji.

Na Sponji alikubali, tena kwa mbwembwe. "Nifungwe mimi," alimwambia kila mteja aliyekuja kupima kiti. "Mama watoto ameshateseka vya kutosha." Wateja wanawake walimtazama kama malaika, naye akavimba. Mkewe akamshonea shati jipya la kuendea kliniki.

Kliniki walipokelewa na daktari wa kike, mwili mkubwa, sauti ndogo. Juu ya meza kulikuwa na sanamu ya plastiki ya viungo vya mwanaume, imekatwa katikati kama papai. Sponji aliitazama mara moja tu, kisha akahamia kwenye feni.

Daktari alieleza bila haraka. Baada ya kufungwa, mbegu zilizobaki njiani bado zinaweza kutia mimba, kwa hiyo wajikinge kwa miezi kadhaa mpaka kipimo kiseme zimekwisha.

"Yaani kama bomba," Sponji akadakia. "Umefunga koki, maji ya ndani bado yanachuruzika."

"Sawasawa, baba. Ila koki hii usitegemee kuifungua. Kuna wanaojaribu, wengi wanaambulia patupu. Ndiyo maana nauliza maswali ya kuudhi. Mkipoteza watoto, Mungu apishe mbali?"

"Tutalia. Hatuzai tena," alisema Sponji, na mkewe akamshika mkono.

"Na mama huyu akifariki, ukaoa mwingine, na huyo mwingine akataka mtoto?"

Hapo ndipo ufundi ulipompanda kichwani. Sponji hakuwahi kukata kitambaa mpaka mwisho maishani mwake. Kila kiti alichokifunika alikunjia kiganja kizima cha kitambaa nyuma, kusikoonekana, ili kikichanika awe na pa kuvutia. Alisikia swali la daktari kama la mteja mwerevu, akalijibu kifundi.

"Hapo sasa, daktari, umenena. Lazima uache akiba. Hamna ile ya kufunga kwa muda? Kama zipu hivi?"

Mkono wa mkewe ukatoka mkononi mwake.

"Ana jina?" mke aliuliza, kwa upole kabisa.

"Nani?"

"Mwenzangu."

"Aa, mama watoto, si swali tu? Daktari ndiye kauliza!"

"Daktari kauliza nikifa. Wewe umeshanizika, umeshaoa, sasa unamtafutia bibi harusi nafasi ya kuzaa. Matanga yangu hayakuchukua hata pumzi moja." Akamgeukia daktari. "Umemwona fundi huyu? Akiacha mirija wazi, mimi nashika mimba, nakufa. Nikifa, mirija iko tayari kwa huyo mwingine. Kazi moja, faida mbili."

"Nifungeni!" Sponji alisimama, akihangaika na mkanda. "Nifungeni sasa hivi!"

"Vaa suruali yako vizuri, baba," daktari alisema. "Hatufungi mtu aliyebabaika. Nendeni mkazungumze."

Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya upande mmoja. Usiku Sponji alilala karakanani, kwenye sofa la mteja. Mchana mkewe alishona kama kawaida, na kila mteja akapewa habari. "Muda huu mtamwona mchangamfu, anajiandaa kuoa." Wanawake walewale wa juzi walimtazama kama kitu kilichokwama kwenye soli. Randa akaleta kipande cha mbao: "Bwana harusi, kitanda nikuchongee futi ngapi?" Wiki haikuisha, cherehani ikapandishwa kwenye mkokoteni, mke na watoto nyuma yake, safari ya kwa dada wa mke.

Sponji akarudi kliniki peke yake, shati jipya limekunjamana.

"Nifunge, daktari. Nikifungwa atarudi."

"Na asiporudi?"

"Atarudi! Mwulize mwenyewe." Akapiga simu, akaongeza sauti, akaiweka mezani kando ya ile sanamu. "Mama watoto, niko kwa daktari. Mwambie umenisamehe, nifungwe, uje nyumbani uishi."

Upande wa pili cherehani ilisikika ikisimama.

"Daktari, shikamoo," mke alisema. "Usimfunge huyo. Kuna mwenzangu anamsubiri, na mimi kwa kuwa hai nimeshamchelewesha sana. Mirija yake haina tena kazi kwangu, maana hatanigusa. Moyo wangu umepona kwa njia hiyo."

"Mke wangu..."

"Nani? Mimi si marehemu?"

Cherehani ikaanza tena kukimbia, kisha simu ikakatika. Sponji alimtazama daktari, akingoja aambiwe apande kitandani.

"Siwezi kukufunga ili umrudishe mtu, baba," daktari alisema, na kuisukuma simu upande wake. "Nipishie kiti hicho. Kuna mume na mke wanasubiri nje."